Baridi ya Nyumba Nzima

Wadogo zangu wa karakana, mliponiaga kwa soda na keki mlisema niwaandikie yote ninayoyajua kuhusu viyoyozi, kana kwamba nilikuwa nimeyaficha. Sikuficha kitu. Nilikuwa nawaambia kila siku, ila mlikuwa mmeziba masikio kwa muziki. Haya, sasa someni. Habari za vyeo na mishahara siziandiki, wenye navyo wanajulikana.

Mimi nilitoka Usangi, mahali ambapo kiyoyozi ni kufungua dirisha. Nyumbani kwetu tatizo lilikuwa kupata blanketi la pili, kwa hiyo nilipoteremka Moshi kujifunza ufundi wa majokofu, mama yangu aliuliza kama kuna watu duniani wanaonunua baridi. Nikamwambia wapo. Akasema basi waje huku wachukue bure. Nakiri hata mimi sikuwa nimeelewa vizuri ninakwenda kujifunza nini, ila nilikuwa na hamu kubwa ya kujua baridi inatengenezwaje, maana moto nilijua unavyowashwa, lakini baridi unaiwasha na nini?

Siku ya kwanza wanaume wa karakana walidhani nimeleta chai. Aliyenipokea ni Fundi Salimu, mzee mwembamba wa Tanga, mkali kama hajala, mpole akishashiba. Alinikalisha kwenye kigoda katikati ya majokofu mabovu na mazima, yote yakinguruma, akasema nisiguse kitu, nisikilize tu. Nilikaa asubuhi nzima nikijiona mjinga. Kufika mchana nikaanza kusikia kwamba moja linahema kwa shida, lingine linawaka na kuzima kama mtu mwenye kwikwi. Aliporudi akaniuliza lipi litakufa kwanza, nikamwonyesha kwa kidole. Hakunisifu. Alinipa brashi ya meno na kuniambia nikalisafishe. Brashi ya meno, wadogo zangu, mpaka leo sijaona kifaa kinachoishinda. Mageji ya kupimia gesi mnayo ya kisasa, yana hata taa, lakini uchafu wa kwenye mapezi ya koili hautoki kwa taa.

Fundi Salimu alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Akiingia nyumba ya mtu hafungui boksi la vifaa. Anakaa, anapokea maji ya kunywa, anaanza kuuliza: nani analala wapi, nani anapika saa ngapi, mlango upi haufungwi, bibi anaswali chumba gani. Mimi nilidhani ni umbea tu wa kizee. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa tayari ameanza kazi.

Nilianza kuelewa kule bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa mama mmoja mfanyabiashara wa samaki. Friza yake ilikuwa haigandishi, na mafundi wawili walikuwa wameshaijaza gesi. Mkiona fundi anakimbilia kuongeza gesi kabla ya kupima, jueni hajui anachokitafuta. Nikamuuliza yule mama anapangaje samaki. Akanionyesha kwa fahari: alikuwa amewabana mpaka kwenye mfuniko, hata kitundu cha feni kimezibwa na perege mkubwa. Tulimtoa yule perege, tukaacha nafasi ya hewa kuzunguka, friza ikapona. Hewa ya baridi lazima itoke, izunguke, irudi. Ikizuiwa mahali popote kwenye safari hiyo, mashine inaumwa.

Baadaye nikahamia Same, na hapo ndipo nilipojua joto. Nyie mliozaliwa tambarare mmelizoea, mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nalala sakafuni. Joto lina mwenzake, vumbi, na upepo wa kulibeba mpaka ndani ya sukari. Ndiyo sababu filta ambayo kitabu kinasema ioshwe kila mwezi, Same mnaiosha kila baada ya wiki mbili, kwa maji na sabuni kidogo, mnaikausha kivulini na kuirudisha ikiwa kavu kabisa. Bomba la kutoa maji mnalisukutua kwa siki, la sivyo linaota utelezi na dari inalia. Mashine ya nje msiipandie maua karibu, na fungueni kiboksi chake cha umeme kila mara, maana mijusi wanapenda kulala humo, na mjusi mmoja akiungua kwenye swichi nyumba nzima inakosa baridi. Nimeshatoa mijusi wengi, na wenye nyumba huwa hawaamini mpaka niwawekee mkononi.

Sasa niwaambie nyumba ninayoikumbuka kuliko zote. Ni ya Nakijwa, nesi wa hapa Same, tuliyezoea kumwita Mama Niwaeli. Binti yake Niwaeli alizaliwa na mwili usiotoa jasho. Nywele zake chache, meno machache tena yamechongoka, na mdomo hauishi maswali. Mtoto wa namna hiyo akikaa kwenye joto hana pa kulitolea. Mwili unapanda moto kama ana malaria kali, mwisho anaanza kutetemeka na kupoteza fahamu. Alishapoteza fahamu mara moja, na mama yake, pamoja na unesi wake, hajaisahau siku hiyo.

Mumewe alikuwa akifanya kazi machimboni Geita, anakuja kwa nadra. Walipokuwa wanajenga waliniita kuniuliza waweke viyoyozi vya ukutani au cha nyumba nzima. Niliwaeleza kama ninavyowaeleza ninyi. Vya ukutani ni rahisi kufunga, na kimoja kikifa vingine vinaendelea. Cha nyumba nzima kina mashine moja nje na moja darini, na hewa inasafiri kwenye madakti, mabomba mapana ya bati juu ya dari, mpaka kila chumba, inarudi kwa njia moja ya koridoni, inachujwa, inapozwa, inatoka tena. Hakina kelele, vumbi linapungua, na muhimu kuliko yote, huna haja ya kukimbia kutoka chumba kimoja chenye baridi kwenda kingine. Nyumba yote ni hewa moja. Ubaya wake ni kwamba kikisimama, kimesimama kila mahali. Nakijwa hakufikiri sana, alichagua cha nyumba nzima. Nilikifunga mwenyewe, nikapima kila tundu la hewa mpaka chumba cha Niwaeli kilichokuwa mwisho kabisa wa dakti kikapata sawa na vingine.

Kilifanya kazi vizuri, mtoto akawa anazunguka nyumbani kama kuku wa kienyeji. Kisha babu yake akateremka kutoka Vudee kuja kuishi nao. Mzee Mbwambo, baba yake Nakijwa, alikuwa amefiwa na mkewe, na Nakijwa alihitaji mtu wa kukaa na mtoto akiwa zamu hospitali. Alikuwa mzee mrefu, Mlutheri wa kweli kweli, mwenye fimbo na maneno machache. Nilimpenda mara moja, ingawa kila nikifika alinitania kwamba sisi watu wa Usangi tunajua kusoma tu, kulima hatujui.

Muda si mrefu kiyoyozi kikaanza kuugua. Nakijwa alinipigia simu kwamba hewa haitoki na dari inadondosha maji. Nikafika, nikakuta wameshakizima, barafu imeyeyuka. Filta safi. Bomba la maji safi. Nikawasha, kikapuliza vizuri tu. Nikakaa sebuleni nikakisikiliza kwa muda mrefu, Mzee Mbwambo akiniletea maji ya kunywa, hakuna kasoro. Nikaondoka. Baada ya siku chache simu ikaita tena, mambo yaleyale. Nikapima gesi, iko sawa. Feni, sawa. Nikakagua madakti darini nikitafuta panya, sikupata hata kinyesi chake. Na mashine ikawa inanipulizia usoni kama inanicheka.

Kuganda kwa koili, yale mabomba membamba yanayopoza hewa, si siri. Hewa ikipita kidogo juu yake, unyevu unaganda, barafu inaziba hata kile kinjia kilichobaki, na kompresa inaanza kumeza gesi ambayo haijawa mvuke. Kompresa imeundwa kusukuma mvuke. Ukiilisha majimaji inavunjika. Nilijua kwamba hewa inakosekana mahali. Nilichokuwa sijui ni kwa nini haikosekani nikiwepo. Jambo hilo lilininyima raha, nikawa nalifikiria hata kanisani wakati wa mahubiri.

Mara ya tatu kompresa ilikuwa tayari inagonga. Nilimwambia Nakijwa ukweli: ikiganda mara nyingine moja itakufa, na kompresa mpya itatoka Dar es Salaam, si chini ya wiki kadhaa. Ilikuwa Januari. Alikuwa amevaa sare, anajiandaa kwenda kazini. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akasema kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, "Dada, ikizima tena, Jumapili Niwaeli anapanda Vudee kwa shangazi yake. Huko baridi ni ya Mungu, haiharibiki. Mimi nitabaki na kazi yangu."

Nikamuuliza kama mtoto anajua. Akasema nguo zake zimeshapangwa kwenye begi, mtoto anadhani ni za likizo. Halafu akaondoka haraka, na mimi nikabaki na ngazi yangu na hasira. Niliikasirikia ile mashine kama mtu.

Kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa akili, nikafanya kazi isiyohitaji akili. Nilichukua brashi ya meno nikaanza kusafisha matundu ya hewa, chumba kwa chumba. Nilianza chumbani kwa Niwaeli. Chumba chenyewe mlango umefungwa, tambara limewekwa chini ya mlango, na yeye yumo ndani na vitabu vyake, sahani ya chakula cha mchana juu ya stuli. Aliniuliza kama hewa inachoka ikizunguka sana. Nikamwambia sijawahi kuiuliza. Tundu lake lilikuwa na ndevu nyeusi za vumbi pembeni, na dari imepakwa mistari, kama ilivyo kwa tundu lolote linalopuliza kila siku Same. Nikasafisha, nikahamia sebuleni. Safi. Jikoni, safi. Chumba cha Nakijwa, safi kama kilichopakwa rangi jana. Koridoni, safi.

Nikakaa juu ya ngazi na brashi yangu mkononi. Tundu lisilo na vumbi Same halipulizi. Haliwezekani jambo lingine. Nikasogeza macho karibu na kile kimkono kidogo cha kufungia vibati vya tundu, nikaona kina alama nyeusi za mpira, nyingi, moja juu ya nyingine. Nikageuka. Mzee Mbwambo alikuwa amesimama mlangoni akingoja kunishikia ngazi, ameegemea fimbo yake, na fimbo ina kisigino cha mpira mweusi.

Jamani, ningesema nini? Mzee wa watu, ndani ya nyumba ya binti yake, nimwambie wewe ndiye unayemfukuza mjukuu wako? Nilishuka, nikamwomba tukae, nikamuuliza kilichokuwa kinanitekenya kweli, maana kwetu Usangi nilikulia shuleni na mambo ya maji waliyajua kaka zangu. Nikamwomba anieleze ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba la huko milimani, inavyoendeshwa, maana huko nako kazi ni kufunga na kufungua.

Akachangamka, sijawahi kumwona hivyo. Alikuwa mgawa maji wa ndiva ya kijijini kwao kwa miaka mingi. Alinieleza jinsi bwawa linavyojaa usiku kucha kwa maji ya kijito, asubuhi linazibuliwa, maji yanashuka mferejini, na shamba moja linafunguliwa huku mengine yamefungwa, kila mtu na zamu yake. Alinieleza msaragambo, kijiji kizima kinavyotoka na majembe kuzoa tope. Jambo aliloliona kubwa kuliko yote ni shamba la mwisho wa mfereji. Wa juu wakiachiwa wanywe wanavyotaka, wa mwisho anabaki na tope. Mgawa maji mwenye haki anawafungia wa juu ili wa mwisho apate. Na akija mgeni, akasema, mgeni anapewa hata kama si zamu yake.

Basi, yote yalikuwa pale mezani. Niwaeli alikuwa shamba la mwisho wa mfereji. Babu yake alikuwa anafunga vyumba vyote kwa ncha ya fimbo ili baridi yote imfikie mjukuu, na mimi nikibisha hodi ananifungulia sebule na koridoni kwa sababu mgeni hakalishwi kwenye joto. Sijawahi kukutana na tatizo la ufundi lililotengenezwa kwa upendo namna ile.

Nikamuuliza swali moja tu. "Baba, ndiva ikiwa imejaa pomoni, ukaizibua yote, halafu mifereji yote ukaifunga isipokuwa kamfereji kamoja kembamba, inakuwaje?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu wa Usangi asiyejua kulima. "Haiwezekani. Maji yatarudi nyuma yabomoe kingo. Lazima uwafungulie na wengine, hata wasio na zamu, kuokoa ndiva."

Nilipanda darini, nikafungua kifuniko cha mashine. Ilikuwa imeanza tena kuganda, kwani jikoni na chumba cha Nakijwa bado vilikuwa vimefungwa na siku hiyo nilikawia kuliko siku zote, na hii ndiyo mara ya kwanza kuikuta kabla haijayeyuka. Niliizima, nikabandua kipande cha barafu, nikakiweka kwenye bakuli la mboga, nikamletea. Alikipokea, akakigeuza viganjani, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Hii ndiyo baridi yake?" akauliza.

"Ndiyo, baba. Imekosa pa kwenda."

Barafu ilipokuwa ndogo kama kete ya bao aliiweka mezani, akanyanyuka na fimbo yake, akaenda chumba kwa chumba akifungua matundu yote. Sikumsaidia. Nilisikia kila moja likilia tik, tik, mpaka jikoni.

Lakini barafu haiyeyuki kwa majuto. Ilibidi niache feni tupu ifanye kazi bila kompresa, na joto la mchana likaanza kuingia nyumbani. Hizo zilikuwa saa ngumu. Tulimweka Niwaeli kwenye beseni kubwa bafuni akiwa na fulana iliyolowa, mzee akimwagia maji kichwani kwa kikombe, taratibu, bila kupumzika, uso wa mtoto umekuwa mwekundu na maswali yamekwisha. Mtoto yule alikuwa hajawahi kunyamaza tangu nimjue. Nilikuwa napanda na kushuka ngazi nikigusa koili, namwomba Mungu wa Usangi na wa Vudee wote. Koili ilipokuwa tupu kabisa niliwasha kompresa. Iligonga mara moja, ikasita, halafu ikashika. Nikasimama chini ya tundu la koridoni na kuinua uso wangu kama mtoto wa kipaimara. Hewa ikaja.

Tulimrudisha Niwaeli chumbani kwake. Mzee aliinua mgongo wa kiganja kwenye tundu, nikamwona amekunja uso, kwani hewa ilikuwa imepungua nguvu kuliko alivyozoea. Fimbo ikainuka kidogo. Nilimwambia asubiri tu, chumba kitapoa. Tukasubiri. Mtoto akaanza kupata rangi yake. Akauliza kama beseni ni lao au la jirani, nikajua amepona.

Babu yake akamuuliza kama baridi inamtosha. Niwaeli alikuwa anatazama mlango uliokuwa wazi, na lile tambara limekunjwa pembeni. "Babu, na sebuleni kuna baridi?"

"Ipo. Nenda ukaone."

Akatoka pole pole, akigusa ukuta, akasimama sebuleni na mikono ameinyoosha. Akaenda chumba cha mama yake. Akaenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Mimi nilikuwa nimefunga kiyoyozi kile ili mtoto huyu asiwe mfungwa wa chumba kimoja, na tangu babu aanze kumpa baridi yote, alikuwa hajaketi sebuleni hata siku moja. Hakuna aliyenitajia, kwa sababu hawakuliona kuwa ni tatizo. Kwao ndiyo ilikuwa nafuu. Mzee Mbwambo alimtazama anavyozunguka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati, waziwazi, wala hakuona aibu mbele yangu.

Makande yalikuwa yameiva. Niwaeli akapanga sahani mezani sebuleni mwenyewe, akaniwekea na mimi, akalalamika kwamba viti vimewekwa vibaya. Tulikuwa tumeshaanza kula Nakijwa alipoingia kutoka zamu. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akatazama kiti alichokalia binti yake, akatazama koridoni, akanitazama mimi.

"Mama, umechelewa," Niwaeli akamwambia, mdomo umejaa. "Tumeshaanza."

Nakijwa akavuta kiti akakaa na sare yake vilevile, akachota makande kwenye sahani ya mwanawe. Nesi mzima, hata mikono hakunawa.